Hodi Kwenye Mashine

Zirudisheni pole zenu.

Wiki nzima mmenitumia ujumbe kupitia gazeti hili. Mmoja ameniita shujaa. Mwingine, mama mtu mzima nadhani, ameniombea Mungu anizidishie moyo ule ule. Nimezisoma zote, na kila nilipomaliza moja nilitamani kuingia chini ya kitanda nisitoke.

Maana nilichowasimulia wiki jana hakikuwa chote.

Kwa mliokosa gazeti: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, shahada ya teknolojia ya uhandisi, upande wa mitambo. Nyumbani wananiita Injinia tangu siku niliyochaguliwa kujiunga, wakati huo sijui hata kushika tupa. Mwenzangu wa mradi tunamwita Pacha, kwa sababu tangu mwaka wa kwanza hakuna aliyemwona yeye asinione mimi. Mradi wetu ni mashine ya kusaga chupa za plastiki. Ina magogo mawili ya chuma yenye meno, yanazunguka yakitazamana. Chupa inaingia juu ikiwa nzima, inatoka chini chengachenga.

Wiki jana niliwaeleza jinsi mashine ile ilivyowaka Pacha akiwa ameingiza mkono kwa nyuma, anatoa plastiki iliyokwama. Niliwaeleza nilivyoruka nikabonyeza kitufe chekundu, magogo yakasimama. Pacha akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na daktari akasema nisingekuwa mwepesi angepoteza mkono wote.

Hayo yote ni kweli. Kitufe chekundu nilikibonyeza mimi.

Ila hakuna aliyeniuliza nani alibonyeza cha kijani.

Ndiyo. Ni mimi huyo huyo. Mkitaka kunitukana nitukaneni, lakini ngojeni nimalize.

Karakana yetu ina sheria moja iliyo juu ya sheria zote. Kila mwanafunzi ana kufuli yake. Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, unakwenda kwenye chumba cha bodi ya umeme, unazima swichi ya mashine ile, unaifunga kwa kufuli yako, na ufunguo unautia mfukoni mwako. Mkiwa wawili, kufuli mbili. Mkiwa kumi, kufuli kumi. Na hakuna binadamu anayefungua kufuli ya mwenzake, hata awe mkuu wa chuo.

Fundi wa karakana, mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, aliihubiri sheria hiyo mpaka tukambatiza Mzee Kufuli. "Kufuli yako ndiyo roho yako," alikuwa anasema. "Utamwazima mtu roho?"

Tukawa tunacheka.

Tatizo ni kwamba mashine yetu ilikuwa inakwama kama redio mbovu. Unasaga kidogo, imekwama. Unatoa, unawasha, imekwama tena. Chumba cha bodi kiko ukumbi wa pili. Nenda, funga, rudi, toa plastiki, nenda, fungua, rudi. Nani ana miguu hiyo?

Basi mimi na Pacha tukajitungia sheria yetu. Kufuli zikabaki kwenye droo. Anayetaka kuwasha anagonga bati la mashine, ngo ngo ngo, anasema "Hodi!" Aliye nyuma, kama mkono wake umo ndani, anaitikia "Bado!" Kama ameshautoa, anasema "Karibu!"

Tulijiona wajanja kweli kweli. Eti wahandisi.

Wiki jana niliwaambia kamati ya uchunguzi imeundwa. Na wanakamati nao niliwaambia kwamba nilikuwa nimesimama mbali, nikasikia yowe, nikakimbia kuokoa. Chuo kina adhabu zake. Asiyefunga kufuli anapewa onyo. Anayewasha mashine mtu akiwa ndani anafukuzwa, hata awe amebakiza mtihani mmoja.

Mimi nilikuwa nimebakiza kuutetea mradi tu.

Haya, tuendelee.

*

Nilikwenda hospitali nikiwa nimebeba machungwa. Sijui kwa nini mtu akiwa na hatia hununua matunda.

Mama yake Pacha alikuwa kando ya kitanda. Ni fundi cherehani, na hata pale wodini alikuwa na sindano, anashona kishikizo cha shati la mwanawe. Aliponiona alitupa shati, akanikumbatia mpaka machungwa yakamwagika sakafuni.

"Nesi! Nesi, njoo umwone!" akaita. "Huyu ndiye niliyekwambia. Huyu ndiye aliyeniachia mwanangu!"

"Mama, jamani, taratibu," nikasema.

"Taratibu ya nini? Wewe ungekuwa na taratibu siku ile, leo ningekuwa na mtoto wa mkono mmoja!"

Nesi akanipa mkono. Mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akaniinulia dole gumba. Nikawa natabasamu tu.

Pacha alikuwa amekonda. Mkono wake umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Injinia," akasema. "Umeniletea machungwa, na wa kuyamenya nani?"

"Nitakumenyea."

"Sawa. Wao wamenipunguzia vidole, wewe unipunguzie kazi."

Alikuwa anacheka. Pacha ni mtu wa mizaha mpaka basi, na nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa.

Mama yake alipotoka kwenda kutafuta maji ya moto, Pacha aliacha kucheka. Akanivuta kwa mkono mzima.

"Nataka kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Siku ile ulipiga hodi. Nilisikia."

Chungwa nililokuwa nikimenya lilinitoka mkononi.

"Usiogope," akasema. "Sijamwambia mtu. Kamati wamekuja hapa, nimewaambia sikumbuki. Na kweli sikumbuki mengi. Nakumbuka hodi, nakumbuka nikasema bado. Baada ya hapo nakumbuka sindano. Sasa niambie wewe. Nilisema bado au nilidhani nimesema? Hukunisikia?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nesi alikuwa ameondoka, mgonjwa wa jirani amesinzia. Mlango umefungwa. Mtu mwenyewe ameuliza kwa upole, wala hana hasira.

"Kompresa ya hewa ilikuwa inapiga kelele," nikasema. "Unajua inavyonguruma ile. Sikusikia kitu."

Akanitazama kidogo. Kisha akashusha pumzi.

"Basi ni ajali," akasema. "Nilikuwa najiambia hivyo hivyo. Ajali haina mwenyewe. Wewe usifukuzwe kwa ajali. Sote wawili tuliacha kufuli kwenye droo, siyo wewe peke yako."

"Pacha..."

"Kelele za nini sasa? Nenda ukautetee mradi. Hata peke yako. Useme hii ni mashine yetu sote. Mimi mkono ukipona nitasimama mbele yao mwakani." Halafu akakumbuka. "Na Mzee Kufuli? Nasikia wamemwandama."

"Atapewa onyo tu," nikasema. "Hakuna kitu."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa kwanza ulikuwa haujapoa.

*

Mnataka kujua ukweli? Haya.

Kompresa ilikuwa imezima. Karakana ilikuwa kimya, kimya ambacho ungesikia mtu akikuna kichwa.

Niligonga bati, nikasema hodi. Na Pacha akaitikia, wazi, kwa sauti: "Bado!"

Nilimsikia.

Nilimsikia kama mnavyosikia jirani akiwaita. Lakini asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa ameshanichezea. Nilipiga hodi, akasema "Bado, nakufa!" Nikaacha kila kitu nikakimbilia nyuma ya mashine, roho mkononi. Nikamkuta amesimama mbali na mashine, mikono mfukoni, anacheka mpaka machozi. Haikuwa mara ya kwanza. Pacha na bado zake! Kuna wiki alisema bado akiwa nyuma ya mgongo wangu, nikaruka kama nimekanyaga moto.

Sasa mchana ule msimamizi wetu wa mradi alikuwa anakuja kuiona mashine. Nilimwona kupitia dirisha anavuka uwanja, na mashine imezima, na jasho linanitoka. Nikapiga hodi. Nikasikia bado. Nikasema moyoni: leo hunipati mara mbili, mjinga wewe.

Nikabonyeza.

Basi. Hakuna zaidi. Hakuna shetani aliyenipitia. Nilikuwa na haraka, nilikuwa nimeudhika, na nilijiona mjanja.

*

Mzee Kufuli nilimkuta karakana anafungasha. Walikuwa wamemsimamisha kazi, lakini walimruhusu aje kuchukua vitu vyake kabla ya kikao. Alikuwa anafuta koleo moja moja kwa kitambaa na kuzipanga ndani ya boksi, akisimama kila mara kuangalia kama ni yake au ya chuo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pacha wako anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Anatania."

"Akitania yu mzima." Akatafuta miwani yake kwenye benchi, chini ya kitambaa, ndani ya boksi. Ilikuwa kichwani.

"Iko juu, Mzee."

Akaigusa. Hakucheka. Zamani angecheka kuliko sisi.

"Unaona?" akasema. "Ndiyo maana nataka kukuuliza wewe. Kaa."

Nikakaa kwenye stuli ile ile aliyonifundishia kushika tupa mwaka wa kwanza, viganja vyangu vikiwa vimejaa malengelenge, yeye akisema, "Vumilia, mwanangu, chuma hakina haraka."

"Siku ile nilikuwa kwenye bodi," akasema. "Nilinyanyua swichi. Hapo hapo nikasikia mtoto anapiga yowe. Hapo hapo! Mkono wangu bado uko juu ya swichi. Sasa swichi zile zimepangana, maandishi yamefutika, na mimi macho ndiyo haya. Nilizima zote kwa kuchanganyikiwa, kwa hiyo hata ushahidi nimeufuta mwenyewe. Usiku silali. Naiona tu ile swichi."

"Mzee, wewe hukuwa na..."

"Subiri. Mke wangu ananiambia nasahau. Wiki jana niliweka viatu kwenye kabati la vyombo. Nilikuwa nabisha. Sasa sibishi tena." Akaweka koleo chini. "Wewe ulikuwa ukumbini. Ulikuwa karibu na mashine kuliko mtu yeyote. Niambie bila kunihurumia. Ni mimi niliyeiwasha?"

Alikuwa ananitazama machoni. Yule mzee hakuwa anatafuta wa kumsingizia. Alikuwa anataka kujua kama kichwa chake kimekufa.

Nilikuwa na jibu la neno moja. Hapana. Mtoto mchanga angeweza kulitamka.

"Sijui, Mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole.

"Hujui," akasema. "Ungejua siyo mimi, ungesema. Una roho nzuri, hutaki kuniumiza. Nimekuelewa, mwanangu."

Akaendelea kufuta koleo.

Nilitoka pale nikaenda chooni nikafungulia bomba ili watu wasinisikie. Nimelia mara nyingi maishani, kwa mitihani, kwa wanaume, hata kwa kitunguu. Siku ile nililia kwa haya. Niliona haya hata mbele ya ule ukuta wa choo.

*

Jioni yake shangazi akapiga simu. Shangazi ndiye aliyenilea, na sauti yake haihitaji simu.

"Injinia!"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Nimesoma gazeti! Nimelisoma kanisani, nimelisoma sokoni, na kinyozi wa kona naye nimemsomea! Nimewaambia, huyo ni damu yangu. Wewe utotoni ulikuwa unaogopa kuku, leo unaokoa watu!"

"Shangazi, nisikilize. Kuna kitu..."

"Usiniambie unaumwa."

"Siumwi. Nikifukuzwa chuo, utanifanyaje?"

Akanyamaza. Shangazi kunyamaza ni habari ya ukurasa wa kwanza.

"Umeiba mtihani?"

"Hapana."

"Una mimba?"

"Hapana, shangazi!"

"Basi wakufukuzie nini, mtu aliyeokoa mwenzie? Acha kunitia presha. Lala, kesho una kikao. Useme ukweli wako, urudi."

Akakata. Useme ukweli wako. Laiti angejua ni ukweli gani, angekata simu mapema zaidi.

Lakini nilipolala niliamua. Nitasema. Mzee Kufuli hatatoka chuoni kama mwizi kwa ajili yangu, karibu astaafu, kwa kosa ambalo hata ndotoni hakulifanya. Nitasema mimi ndiye niliyebonyeza.

Ila, na hapa ndipo mnaponijua sasa, nilipanga kusema nusu. Nitasema nilipiga hodi, kompresa ilikuwa na kelele, sikusikia. Ajali. Wanifukuze kwa ajali. Mzee atapona, na Pacha ataendelea kuwa Pacha wangu. Shahada niliikubali iende. Yule rafiki sikukubali.

Nusu ya ukweli nayo ni ukweli, nikajiambia, nikalala.

*

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mikutano cha idara, meza ndefu, viti vinavyolia ukijitikisa. Mkuu wa idara ndiye mwenyekiti. Pembeni yake wahadhiri kadhaa wenye nyuso za siku ya matokeo. Mzee Kufuli alikaa upande wa pili peke yake, amevaa koti la suti na shati limefungwa mpaka shingoni.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Pacha.

Sikumtarajia. Walikuwa wamemruhusu kutoka asubuhi ile. Mkono umening'inizwa shingoni, na mama yake nyuma anambebea koti. Mama akaja moja kwa moja akakaa kando yangu, akanishika mkono.

"Usiogope, mwanangu," akaninong'oneza. "Mimi nipo."

Mwenyekiti akakohoa, akaanza kwa ile lugha yao. Kamati imekutana. Kamati imesikitishwa. Kamati inampongeza binti yetu hapa kwa ujasiri wa hali ya juu. Watu wakanigeukia, wengine wakapiga makofi mawili matatu. Mama Pacha alipiga mengi kwa kugonga kiganja changu.

"Fundi," mwenyekiti akasema. "Tunakusikiliza."

Mzee Kufuli akasimama. Mikono aliishika nyuma kama mtoto wa shule.

"Sina maneno mengi," akasema. "Miaka yote nimewaambia watoto wafunge kufuli. Siku ile kufuli zao hazikuwepo, na mimi nilikuwa nawaona hawazifungi, nikanyamaza kwa kuwazoea. Hilo la kwanza. La pili, nilikwenda kwenye bodi nikanyanyua swichi, na mashine ikamshika mtoto. Ni mimi. Akili yangu siyo ile. Mama," akamgeukia mama Pacha, "nisamehe. Nimemkata mwanao."

Mama Pacha akaanza kulia. Mkono wangu hakuuachia.

Pacha alikuwa amekodoa macho. Hakuwa anamtazama Mzee. Alikuwa ananitazama mimi. Nilijua anasema nini bila kufungua mdomo: wewe uliniambia onyo tu.

Nikasimama. Kiti kikalia.

"Siyo yeye," nikasema. "Ni mimi."



"Ni mimi nini?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi niliyewasha mashine. Nilibonyeza kitufe cha kijani. Mzee hajagusa kitu chetu."

Mtu angetegemea mbingu zianguke. Hazikuanguka. Mwenyekiti alivua miwani, akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli, ambayo sikuistahili hata tone.

"Binti," akasema. "Kaa chini. Sote tunampenda fundi."

"Mimi sisemi kwa sababu nampenda!"

"Usinibebee mzigo wangu, mwanangu," Mzee Kufuli akasema. Macho yalikuwa yamemjaa. "Nilikuuliza jana, ukasema hujui. Ungejua ungesema. Kaa."

Mnaona mambo haya? Nimedanganya, nikaaminiwa. Nimesema kweli, naambiwa nikae!

"Basi tueleze," akasema mhadhiri mmoja. "Ilikuwaje?"

Nikaeleza. Hodi yetu. Bati. Bado na karibu. Wahadhiri wakatazamana, mmoja akashika kichwa. Nikaona kidogo kidogo wanaanza kuniamini.

"Nikagonga," nikasema. "Nikasema hodi. Kompresa ilikuwa inanguruma, kelele tupu, sikusikia jibu. Nikadhani hakuna mtu. Nikabonyeza."

Nikamtazama Pacha. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesema, vizuri, umesema. Nilihisi hewa inaingia kifuani kwa mara ya kwanza tangu ajali.

"Kompresa?"

Alikuwa ni Mzee Kufuli. Alisema kwa upole kabisa, kama anavyomsahihisha mtu aliyeshika bisibisi vibaya.

"Kompresa ilikuwa imezima, mwanangu. Ndiyo maana nilikwenda kwenye bodi. Ilizimika yenyewe, karakana ikawa kimya, nikasema niinyanyulie swichi yake. Haikuwahi hata kuwaka. Yowe lilinikuta pale pale."

Mwenyekiti akavaa miwani yake.

"Binti, unaona?" akasema. "Hata hali ya karakana huijui. Hukuwa karibu na mashine. Unatunga kisa ili umwokoe mzee wako, na tunakuheshimu kwa hilo, lakini kamati haiwezi kwenda kwa visa. Fundi amekiri kwa kinywa chake. Tunafunga."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu iliishia kwenye kompresa.

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, na kamati inafunga mafaili yake. Nikinyamaza, Mzee ameondoka, na ataamini mpaka siku anayozikwa kwamba alimkata mtoto wa mtu kwa kusahau. Ili wanikubali, nilihitaji kusema neno moja tu: ni kweli, kompresa ilikuwa imezima. Na Pacha yuko pale, anasikiliza.

"Naomba kuuliza," Pacha akasema.

Mwenyekiti akasita. "Uliza."

Pacha akasimama kwa shida, mkono mzima umeshika ukingo wa meza. Hakuniangalia.

"Mzee, una hakika kompresa ilikuwa imezima?"

"Mwanangu, nasahau viatu, lakini kompresa sijaisahau. Kulikuwa kimya. Hata saa ya ukutani niliisikia."

"Kimya."

"Kimya kabisa."

Pacha akageuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, hauna mzaha hata punje, na ndipo nilipogundua kwamba miaka yote hii sikuwahi kumwona Pacha bila mzaha usoni.

"Uliniambia kulikuwa na kelele," akasema.



"Nilikuuliza hospitali. Nikakwambia nilisema bado. Ukaniambia kompresa," Pacha akaendelea.

"Bado ya nini?" mwenyekiti akauliza. "Mnazungumzia nini nyinyi?"

Mzee Kufuli alikuwa amekaa wima, mdomo wazi kidogo. Alimtazama Pacha, akanitazama mimi, akatazama kiganja chake mwenyewe, kile cha kunyanyulia swichi, kama mtu anayerudishiwa kitu alichokwisha kukizika.

"Nilisema kwa sauti," Pacha akasema. "Nilisema bado, na mkono wangu umo ndani. Karakana ilikuwa kimya." "Sikuulizi nani alibonyeza. Hilo nilikwisha kulisamehe. Nakuuliza moja tu. Ulinisikia?"

Mama yake, aliyekuwa bado amenishika mkono, akaubana kwa viganja vyake viwili vyenye alama za sindano. Akaniinulia uso, machozi hayajamkauka, anatabasamu ili anipe moyo.

"Mjibu mwenzio, mwanangu," akasema. "Mwambie hukumsikia, yaishe, twende nyumbani."